Leseni ya mgodi imeuzwa kwa siri: wanahisa waende mkutanoni, kwa IGG, mahakamani au hadharani?

Mama mmoja wa Kisamia alikuja kwenye kikao chetu pale Busia, Uganda, akiwa na kopo la maziwa ya unga mkononi. Ndani yake alikuwa ameweka hati ya kiwanja, kadi za kliniki za wajukuu, na cheti chake cha hisa kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua mezani, akakilaza kwa kiganja, akauliza, "Wanangu, hii karatasi bado ni kitu, ama niwashie jiko?" Tulikuwa watu kumi na tisa. Hakuna aliyemjibu.

Hisa zile tulizinunua kidogo kidogo, wengine wakiuza ng'ombe, ili kampuni yetu ya nyumbani ipate leseni ya kutafuta dhahabu. Siku moja tukasikia kwa vijana wa boda kwamba leseni imehamishiwa kampuni nyingine, bei haijulikani, na kuna waliokula ili karatasi zipite haraka. Kampuni sitaitaja, kwa sababu shauri halijaisha. Lakini najua swali lililotukosesha usingizi linawasumbua pia wenzetu wa Namayingo, Mubende, Kasese na Karamoja: mkishashuku hongo kwenye mkataba wa mgodi ambao nyinyi ni wenye hisa, mnaanzia wapi?

Njia nilizoona watu wakizitumia ni nne: kupambana ndani ya kampuni, kupeleka malalamiko kwa vyombo vya kupambana na ufisadi kama IGG (Inspekta Mkuu wa Serikali), kwenda mahakamani, na kupaza sauti hadharani. Nimezipima zote kwa maswali yale yale. Itagharimu kiasi gani na itachukua muda gani? Inataka ushahidi wa namna gani? Inamweka nani hatarini? Mwisho wake mtashika nini mkononi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kuna anayetaka leseni irudi, kuna anayetaka pesa yake tu, na kuna anayetaka aliyekula hongo afungwe. Hayo ni mambo matatu, na sijaona njia moja inayoyaleta yote. Sisi tulimaliza wiki sita tukigombania njia, kumbe tulichokuwa hatukubaliani ni shabaha.

Karatasi kwanza, njia yoyote mtakayochagua

Kwa Katiba ya Uganda, ibara ya 244, madini ni mali ya umma iliyo mikononi mwa serikali. Kampuni haimiliki dhahabu iliyo chini ya ardhi, inamiliki leseni. Na leseni kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kunahitaji idhini ya serikali. Ndiyo maana katika dili moja bovu mara nyingi kuna makosa mawili yaliyolala kitanda kimoja: la wakurugenzi waliowaruka wanahisa wao, na la afisa wa umma aliyepitisha karatasi kwa malipo. Yatenganisheni mapema, kwa sababu kila kosa lina mlango wake.

Karatasi za kutafuta zinapatikana. Idara ya Jiolojia na Migodi iliyoko Entebbe ina ramani ya leseni mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuona eneo liko kwa jina la nani. Faili la kampuni, lenye wakurugenzi na wanahisa wake, liko kwa URSB, ofisi ya usajili wa makampuni. Lipa ada ya kulipekua, kisha omba nakala iliyothibitishwa kwa mhuri. Tangu sheria ya makampuni iliporekebishwa mwaka 2022, kampuni zinatakiwa pia kutaja binadamu halisi wanaonufaika nyuma ya majina ya kampuni. Mlichonyimwa na ofisi ya umma, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ina siku 21 kuwajibu. Tena mwanahisa ana haki ya kukagua, bila malipo, kitabu cha kumbukumbu za mikutano mikuu ya kampuni yake.

Hapo kwenye kitabu ndipo sisi tulipoumia. Mwenzetu alikikagua na kukuta azimio la mkutano mkuu lililokubali leseni ihamishwe. Chini yake palikuwa na saini ya mzee tuliyekuwa tumemzika miezi minne kabla ya mkutano huo. Alipiga picha kwa simu, mkono ukimtetemeka, akairusha kwenye kundi la WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Jioni ile ile picha ilikuwa imefika Kampala. Tuliporudi ofisini siku ya nne na barua ya kuomba nakala rasmi, tuliambiwa kitabu hakionekani. Tukabaki na picha yenye ukungu, na kidole gumba cha mpiga picha kimefunika nusu ya tarehe.

Njia ya kwanza: mkutano wa wanahisa na Msajili wa Makampuni

*Gharama na muda.* Ndiyo nafuu kuliko zote. Chini ya Sheria ya Makampuni ya 2012, wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa na wenye haki ya kupiga kura wanaweza kuwadai wakurugenzi waitishe mkutano maalumu. Wakurugenzi wakikaa siku 21 bila kuuitisha, walioudai wanaweza kuuitisha wenyewe. Gharama ni barua, nauli, ukumbi wa kanisa na chai.

*Ushahidi.* Hamhitaji kuthibitisha hongo. Mnahitaji daftari la wanahisa, hesabu za kampuni na maswali yaliyoandikwa: leseni iliuzwa lini, kwa nani, kwa bei gani, na pesa imeingia akaunti ipi?

*Hatari.* Kwa usalama wa mtu, ni ndogo. Kwa undugu, ni kubwa. Kwenye kampuni zetu ndogo mkurugenzi ni mjomba wa mtu, ni mzee wa kanisa, ndiye aliyekulipia mtoto karo mwaka ule mvua ilipokosekana. Jambo jingine ni kwamba barua ya kudai mkutano inawaonyesha mnatafuta nini, na anayejua anatafutwa huficha.

*Matokeo.* Mnaweza kuwaondoa wakurugenzi kwa kura ya wengi baada ya kutoa notisi maalumu, na mkishika bodi, mafaili yanakuwa yenu. Kwangu huo ni ushindi mkubwa kuliko watu wanavyoudhani. Mwanahisa anayekandamizwa anaweza pia kupeleka ombi kwa Msajili. Ila kura haimfungi mtu, na leseni iliyokwisha kuhamishwa kwa idhini ya serikali hairudi kwa kunyoosha mikono.

*Inawafaa* wanahisa wengi waliotawanyika lakini wanaoweza kukusanyika wakavuka ile asilimia kumi, hasa pale dili halijakamilika.

Njia ya pili: IGG na vyombo vya kupambana na ufisadi

*Gharama na muda.* Kulalamika kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, ambaye wote tunamwita IGG, ni bure. Watu wa mashariki hawalazimiki kwenda Kampala. Kuna ofisi Mbale. Kuna pia kile kitengo cha Ikulu cha kupambana na ufisadi kilichoanzishwa Desemba 2018. Muda ndio usio mikononi mwenu: mkishakabidhi faili, mwendo ni wao.

*Ushahidi.* Hapa hata fununu nzuri inatosha kuanzia, mradi ina tarehe, majina na mahali. Wachunguzi wana uwezo wa kudai taarifa za benki na mafaili ya ofisi ambayo nyinyi hamtayaona hata mkilala mlangoni. Lakini IGG hushughulika na watu wa ofisi za umma. Kama mnaloshuku limefanywa na wakurugenzi peke yao, bila afisa yeyote wa serikali, mlango wenu ni polisi, idara ya upelelezi.

*Hatari.* Watu wengi hawajui hili, kwa hiyo nalisema polepole. Sheria ya 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu inakulinda ukitoa taarifa kwa nia njema kwa maafisa waliotajwa na sheria yenyewe, kama IGG, polisi au mkurugenzi wa mashtaka. Mwandishi wa habari hayumo kwenye orodha hiyo, wala kundi la WhatsApp. Mfanyakazi wa kampuni anayekupa barua ya siri amekukabidhi kazi yake na pengine maisha yake. Mpeleke kwenye mlango wenye ulinzi kabla ya kumpeleka redioni.

*Matokeo.* Kesi inaweza kufika Mahakama ya Kupambana na Ufisadi, na mtu akafungwa. Sheria hiyo ya 2010 inampa mfichuaji asilimia tano ya pesa zitakazorudishwa. Pesa nyingine hurudi serikalini, si kwenye mifuko ya wanahisa, na wengi huligundua hilo wakiwa wamechelewa.

*Inamfaa* mwenye taarifa kuhusu afisa wa umma, na zaidi yule ambaye jina lake halipaswi kujulikana.

Njia ya tatu: mahakamani

*Gharama na muda.* Wakili, ada, safari za Kampala, kuahirishwa. Anayeshindwa kwa kawaida hubebeshwa gharama za mwenzake, na kwa kikundi cha wakulima hilo linaweza kuuza mashamba. Kesi ya kawaida ni ya miaka. Lakini kama mnapinga uamuzi wa ofisi ya serikali, mathalani idhini ya kuhamisha leseni, ombi la kuitaka mahakama iupitie upya uamuzi huo linatakiwa ndani ya miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko itokee. Vikundi vinavyosubiri "tuone kwanza" hukuta dirisha limefungwa.

*Ushahidi.* Wa hali ya juu kabisa: nakala zenye mhuri, mashahidi wanaosimama. Picha yetu ya kidole gumba wakili aliitazama mara moja akairudisha. Kilichomvutia ni cheti cha kifo cha yule mzee, ambacho familia yake ilikuwa imekichukua NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa vizazi na vifo, kwa ajili ya mirathi.

*Hatari.* Ni ya pesa zaidi kuliko ya mwili.

*Matokeo.* Zuio la muda linaweza kusimamisha tingatinga wakati kesi inaendelea, na uamuzi unaweza kubatilisha dili au kuwapa fidia. Mfano wa subira uko kwa majirani zetu wa Kongo. Wanahisa wa Africo Resources, kampuni ya Kanada, walipoteza mgodi wa shaba na kobalti wa Kalukundi. Mwaka 2016 kampuni tanzu ya Och-Ziff, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ilikiri mahakamani New York kuhusika katika hongo za madini Kongo. Wanahisa wale wakajitokeza kudai kwamba wao ndio walioumizwa na hongo hizo. Jaji akakubali mwaka 2019, na mwaka 2020 wakapatiwa fidia ya takriban dola milioni 135. Lakini tazama kilichowabeba: wachunguzi wa serikali walikuwa wameshachimbua kila kitu, na mkosaji alikuwa amekiri. Wanahisa waliingia kwa mlango uliofunguliwa na wengine.

*Inawafaa* walio na karatasi safi, tarehe ambazo hazijapita, na mfuko wa pamoja.

Njia ya nne: kupaza sauti hadharani

Hii ndiyo inayowavuta watu kwanza, na mimi siwalaumu. Ukimya unaua. Barua ya wazi, mkutano na waandishi, kipindi cha redio ya FM, ombi la maandishi kwa Bunge, yote haya yamo. Na kama aliyenunua leseni yenu ni kampuni iliyo kwenye soko la hisa la London, Toronto au Sydney, kuna mlango mwingine: mwenye hata hisa chache za kampuni hiyo anaweza kuuliza swali kwenye mkutano wake mkuu, mbele ya wawekezaji wakubwa. Swali la namna hiyo lina uzito siku hizi. Mwaka 2022 Glencore, kampuni kubwa ya madini, ilikiri mahakamani, Marekani na Uingereza, makosa ya hongo yaliyogusa nchi kadhaa za Afrika, na kule Uingereza peke yake kampuni hiyo ikaagizwa kulipa zaidi ya pauni milioni 280. Wawekezaji wakubwa hawapendi kusikia harufu hiyo mara ya pili.

*Gharama na muda.* Inaonekana bure, haiko bure. Kuna muda wa redio, nauli za mashahidi, na lazima kuwe na wakili wa kusoma kila barua kabla haijatoka. Matokeo ya kwanza huja ndani ya siku, jambo ambalo njia nyingine haziwezi. Lakini vumbi hutulia haraka pia. Wiki mbili baadaye nchi inazungumza jambo lingine, na nyinyi mmebaki na wakurugenzi wale wale, sasa wakiwa na hasira.

*Ushahidi.* Mnachosema hadharani lazima muweze kukithibitisha nyinyi wenyewe, kwa sababu atakayeitwa mahakamani kwa kuchafua jina la mtu ni nyinyi. Mwaka 2022 sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta pia ilifanyiwa marekebisho yaliyobeba adhabu ya kifungo kwa baadhi ya yanayoandikwa mtandaoni. Kwa hiyo semeni kile karatasi inachosema, msiseme mnachoamini. Linganisheni sentensi mbili. Ya kwanza: "Mwenyekiti amekula hongo akauza mgodi wetu." Ya pili: "Azimio la kuhamisha leseni lina saini ya mwanahisa ambaye, kwa mujibu wa cheti cha kifo, alifariki miezi minne kabla ya mkutano. Tunaiomba bodi ieleze." Ya kwanza inapigiwa makofi na kuwapeleka kortini. Ya pili hakuna wakili anayeijibu kwa urahisi.

*Hatari.* Ni kubwa kuliko zote, na haigawanywi sawa. Anayeishi Kampala au ng'ambo husaini barua. Anayeishi hatua chache kutoka mgodini ndiye hugongewa mlango usiku. Kuandamana ni suala la peke yake. Ni kweli Mahakama ya Katiba ilibatilisha mwaka 2020 kifungu kilichowapa polisi mamlaka makubwa ya kuzuia mikutano, lakini vijana waliojaribu kuandamana Kampala Julai 2024 kupinga ufisadi walikamatwa. Kuna wengine pia wa kufikiriwa, wachimbaji wadogo. Agosti 2017 jeshi na polisi waliwaondoa maelfu yao kwenye machimbo ya Mubende. Eneo lenye mzozo likishafika kwenye meza za wakubwa, anayepoteza chakula kwanza ni kijana mwenye sururu, na yeye hana hata hisa moja. Mshirikisheni kabla ya kupiga kelele.

*Matokeo.* Shinikizo. Bodi iliyokataa kupokea simu hupokea. Mnunuzi wa pili husita. Na mashahidi hujitokeza: kwetu, siku tatu baada ya kipindi cha redio, mtu tusiyemjua alituletea nakala ya risiti iliyotufungua macho. Hilo nalishukuru hadi leo. Lakini kelele hazirudishi leseni, na hata mkataba ukivunjwa si lazima mnufaike. Tazama mgodi wa shaba wa Kilembe, kule Kasese. Serikali iliwapa Tibet Hima, kampuni ya Kichina, mgodi ule mwaka 2013, ikauvunja mkataba mwaka 2017 kwa madai kwamba masharti hayakutimizwa. Shaba iliyoacha kuchimbwa mwaka 1982 haikuanza kutoka kesho yake kwa sababu mkataba mbaya umekufa.

*Inawafaa* wenye karatasi mkononi tayari, wasemaji waliokubali hatari kwa jina lao, na shabaha moja inayoeleweka kwa sentensi moja.

Kuna wanaouliza kuhusu kuuza hisa na kuondoka. Kwenye kampuni iliyo sokoni ni rahisi. Kwenye kampuni binafsi kama yetu, katiba ya kampuni mara nyingi inataka wanahisa wenzako wapewe nafasi kwanza, na mnunuzi pekee aliye tayari huenda akawa mkurugenzi yule yule. Ukiuza umeuza pia haki ya kukagua kitabu.

Kwa hali yako

Dili linazungumzwa tu, halijasainiwa: dai mkutano maalumu wiki hii, na andikia Idara ya Migodi kwamba wanahisa hawajaidhinisha chochote. Weka nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Idhini ya serikali imetoka ndani ya miezi mitatu: wakili leo, mengine baadaye. Hata kikao cha kuchangisha pesa kifanyike huku wakili anaandika.

Miezi mitatu imepita, na mnaye shahidi wa ndani aliyeona pesa ikibadilishana mikono na afisa wa umma: IGG kwanza, kimya kimya. Redio isubiri hadi shahidi awe salama na nakala zake ziwe mahali pawili tofauti.

Mmelalamika kote, mmejibiwa kwa ukimya, na karatasi zenu ni safi: hapo hadharani ni pa kwenda. Nendeni wengi, kwa sentensi ya namna ile ya pili, na LC (viongozi wa baraza la kijiji) na wachimbaji wadogo wakiwa wameelezwa mapema. Njia hii haizuii nyingine kuendelea; wengi huziendesha mbili pamoja. Kinachowezekana kwa shida ni kurudi kwenye siri baada ya kusema.

Hamna karatasi yoyote, mna uchungu tu: msiseme hadharani bado. Anzeni na ada ya kupekua faili URSB.

Na kama wewe ni kama yule mama wa kopo, huna nguvu za vikao wala nauli ya Kampala, kazi yako ni ndogo lakini ni ya lazima. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wanahisa, mwambie mtoto mmoja cheti kiko wapi, na mpe kura yako kwa maandishi mtu unayemwamini ahudhurie badala yako. Kisheria cheti cha hisa ni ushahidi wa kwanza kwamba hisa ni zako. Anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuonyesha vinginevyo. Kikao kilichofuata tulimjibu hivyo. Tukapiga nakala tatu kwenye duka la karibu na stendi, moja ikaenda kwa wakili, moja kwa mwanawe, moja tukabaki nayo, na cheti chenyewe akakikunja mara nne akakirudisha ndani ya kopo.